Nilimwagia mbegu zote maji ya moto: je, maua yangu ya kutambaa yamekufa?

"Mwalimu, shikamoo. Nilinunua mtandaoni pakiti tano za mbegu za maua yanayotambaa: Clitoria ternatea 20, Ipomoea alba 10, Passiflora caerulea 15 (jamii ya pasheni), wisteria 6, na 5 za ule mtambazi wa Ufilipino wenye maua ya rangi ya feruzi. Niliona video ikisema mbegu za namna hii ni ngumu na dawa yake ni moja tu, maji yaliyochemka. Nikazimwagia zote, zikalala humo usiku kucha, kesho yake nikazisia kwenye trei, nikafunika kwa nailoni na kuiweka dirishani. Usiku chumba hushuka hadi nyuzi 16. Leo ni wiki ya nane. Clitoria ziliota 11, lakini saba zimelala chini kana kwamba mtu amezikata shingo. Ipomoea zimetoka tatu. Nyingine zote kimya. Je, nimeziua? Au nimeuziwa mbegu mbovu? Nizifukue nizipige msasa? Na zikiota, maua nitayaona lini?"

Marahaba. Nikutoe wasiwasi kwanza: hujaziua zote. Nikiipitia hesabu yako naona mambo tofauti yametokea ndani ya trei moja, ndiyo maana mtu akikujibu kwa mkato kwamba zimekufa, au kwamba uzidi kusubiri, atakuwa amekupotosha. Baadhi ya Clitoria na Ipomoea ziliamka, kisha miche ya Clitoria ikaingiliwa na ugonjwa. Passiflora, kama maji hayakuziivisha, huenda bado ziko hai, zimejikunyata kwa baridi. Wisteria zinaweza kuwa upande wowote. Na hizo tano za rangi ya feruzi, pole sana, nadhani zilikuwa zimeshakufa kabla birika lako halijapata moto.

Tatizo la video ile ni kuchukulia kwamba mbegu ikiwa imelala, usingizi ni ule ule kwa zote. Mbegu hulala kwa sababu mbalimbali. Kuna iliyofungiwa nje ya maji na ganda lake. Kuna ambayo maji yanaingia vizuri tu, lakini kiinitete chenyewe, yaani mche mchanga uliomo ndani ya mbegu, bado hakijapata ishara ya kuanza. Na kuna ambayo hailali kabisa: ikianguka toka kwenye tunda inataka kuota hapo hapo, ukiikausha inakufa. Pakiti zako tano zilikuwa na mbegu za namna zote hizo, nawe ukazipa dawa ya namna moja.

Nina mbegu za Clitoria hapa mezani ninapokuandikia. Punje moja ina urefu wa milimita sita hivi, bapa kidogo, kahawia iliyokolea yenye madoa, na ubavuni ina alama ndogo nyeupe mahali ilipokuwa imeshikana na tunda. Hicho ni kitovu chake. Jana jioni nilitumbukiza nne kwenye kikombe cha maji ya kawaida. Asubuhi hii mbili zimevimba karibu mara mbili, ngozi imelegea, ukizibonyeza kwa ukucha zinabonyea. Mbili nyingine ziko vile vile zilivyokuwa. Nikitikisa kikombe zinagonga ukingo kama changarawe. Maji yamezizunguka usiku mzima na hakuna tone lililoingia.

Kinachozuia ni tabaka la seli zilizosimama wima, zikabanana kama nguzo za boma, na kupakwa utando usiopitisha maji. Jamii ya kunde, ambamo Clitoria na wisteria zimo, ina tabia hiyo, na jamii ya Ipomoea pia. Ndani ya ganda hilo kiinitete kiko tayari kabisa, hakidai chochote zaidi ya kupata maji. Ganda likiwa zima kinaweza kungoja muda wa ajabu. Kule China, kwenye tope la ziwa lililokauka zamani, zilichimbwa mbegu za yungiyungi zenye umri wa takriban miaka 1,300, na baada ya ganda kukatwa zikaota. Yungiyungi hatambai popote, lakini funzo la ganda ni lile lile.

Kwa mbegu za aina hiyo kazi ni kufungua tundu dogo, basi. Chukua kikata kucha, ishike mbegu kwa vidole viwili kitovu kikiwa kimeelekea kwako, kisha mega kipande kidogo upande wa pili. Upande wa kitovu usiuguse, kwa sababu kimzizi kimelala karibu na hapo. Mara utakapoona weupe wa ndani chini ya ukahawia, acha. Ukipendelea msasa, sugua upande huo huo hadi rangi ibadilike. Halafu tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu jioni, na asubuhi zilizovimba uzisie. Zisizovimba zimege tena kidogo. Zisipitishe siku nzima majini: mbegu iliyokwisha kunywa inahitaji hewa, na majini itazama na kuoza.

Sasa maji ya moto. Si uongo kwamba yanafanya kazi, ndiyo maana ushauri huu haufi. Kwenye mbegu nyingi za jamii ya kunde, karibu na kitovu pana sehemu dhaifu ambayo porini hufunguliwa na jua kali au joto linalopanda na kushuka. Maji ya moto huishtua sehemu hiyo ikapasuka. Lakini yanayotumika ni maji yaliyoepuliwa, yakatulia dakika chache, ndipo yakamiminwa juu ya mbegu na kuachwa yapoe yenyewe. Kuchemsha mbegu jikoni ni kupika. Na hata ukifanya sawasawa, kumbuka zile mbili zilizovimba kikombeni mwangu bila kuguswa: kwenye pakiti hiyo hiyo huwa kuna zenye ganda laini, na hizo maji ya moto huzichoma kiinitete. Nadhani hapo ndipo baadhi ya Clitoria zako tisa na Ipomoea saba zilipotelea. Mtu anayesia gunia la mbegu za miti anaweza kuzimudu hasara hizo. Mwenye mbegu 20 akae chini na kikata kucha, ni kazi ya robo saa.

Tuje kwa Passiflora, maana naona ndiyo utakayoing'oa na kuitupa bila sababu.

Wengi hudhani ganda lake gumu na jeusi ni kufuli kama la Clitoria. Husema, "Mbona inagonga meno hivi?" Ugumu na kutopitisha maji ni mambo mawili tofauti. Jaribu siku moja ukipata mbegu nyingi na mizani ndogo kama ya sonara: pima rundo likiwa kavu, liloweke usiku kucha, likaushe juu juu kwa kitambaa, upime tena. Passiflora nilizowahi kupima zilitoka majini zikiwa nzito kuliko zilivyoingia, na hakuna aliyekuwa amezikwangua. Kama maji yameingia na bado mbegu haioti, basi kilichoizuia kiko ndani: mizani ya homoni za kiinitete, ile inayosema "tulia" bado inailemea ile inayosema "anza". Hapo msasa hausaidii kitu, na maji ya moto yanaumiza tu.

Kinachobadilisha mizani hiyo, kwa uzoefu wangu, ni upya wa mbegu na joto.

Upya, kwa sababu mbegu ya Passiflora iliyotoka tundani juzi na ile iliyokaa mwaka mzima kwenye bahasha ni kama si ndugu. Mbegu ya pasheni ya kawaida, Passiflora edulis, ikitolewa kwenye tunda lililoiva na kusiwa wiki hiyo hiyo, mara nyingi huchomoza ndani ya wiki mbili hadi nne. Ikikauka ikakaa, inaweza kukuzungusha miezi, na spishi nyingine humchukua mtu karibu mwaka. Hata zile zinazoota haziamki pamoja. Moja leo, mbili mwezi ujao, halafu kimya kirefu. Kwa mmea wa porini hiyo ni akili: ukame ukiua miche ya mwanzo, wapo walio bado chini. Kwa mtu anayeangalia trei kila asubuhi ni mateso.

Utakapopata tunda lililoiva la spishi yoyote ya Passiflora, usikaushe mbegu. Kamulia nyama yake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku mbili tatu hadi ianze kutoa povu, kisha sugua kwenye chujio na suuza mpaka ule utando wa utelezi uishe. Utando huo una vitu vinavyochelewesha kuota, na ukibaki huwaita kuvu. Utasikia pia ati ni lazima mbegu ipite kwanza tumboni mwa ndege au mnyama. Tumbo huivua mbegu utando na kuisafirisha mbali na mama yake, lakini kikombe na chujio vinatosha.

Joto ndilo naona limekukwamisha wewe. Passiflora nyingi hutaka udongo wa nyuzi 25 hadi 30 mchana, na usiku ushuke mpaka karibu 20. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakoiambia mbegu kwamba haijafukiwa mbali chini. Wewe una 16 usiku, na hiyo ni hewa ya chumba. Udongo wenye maji hupoa zaidi kwa sababu maji yakitoka kama mvuke yanaondoka na joto. Chomeka kipimajoto kwenye udongo wenyewe asubuhi na mapema usome. Nisingeshangaa ukikuta 14.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa na trei ya Passiflora iliyokaa kimya miezi minne kwenye kibaraza chenye ubaridi. Nikachoka, nikaimwaga juu ya lundo la mboji. Wiki tatu baadaye nikaenda kuchota mboji nikakuta miche sita imesimama pale kwenye fukuto, mizuri kuliko yoyote niliyowahi kubembeleza. Tangu hapo trei zangu hukaa juu ya friji au kwenye mkeka wa kupashia joto, na friji imeniotesha mbegu nyingi kuliko dawa yoyote ya kununua.

Kuna homoni iitwayo jiberelini inayouzwa kama unga, nayo kweli huamsha baadhi ya Passiflora sugu. Sikukatazi. Ila ukizidisha, miche hutoka mirefu, myembamba, isiyoweza kujishika, na dozi inayofaa spishi moja haifai nyingine. Rekebisha joto kwanza. Ukishindwa na joto likiwa sawa, ndipo uifikirie.

Swali lako la kufukua: ndiyo, fukua, lakini chache. Chota Passiflora mbili na wisteria mbili kwa kijiko, zioshe, uzibonyeze taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Ikipasuka ikatoa uji wenye harufu ya kuoza, imekufa na usiirudishe. Ikikaa imara, ipasue moja kwa wembe kwa urefu. Ndani ukikuta nyama nyeupe au ya rangi ya maziwa, iliyojaa ganda hadi kingoni, nyingine zilizo kama hiyo zina nafasi. Ukikuta kahawia, au utupu wenye vumbi, au kitu cha kung'aa kama mbegu iliyochemshwa, ndivyo na wenzake walivyo. Utapoteza mbegu moja ya kila aina, lakini utajua unasubiri nini.

Wisteria zilizo imara na hazijavimba, hizo ndizo za kupiga msasa au kikata kucha kama nilivyoeleza, na kuzilaza majini usiku mmoja. Passiflora zirudishe zilivyo, kina cha sentimita moja, uhamishe trei palipo na joto, uzipe miezi sita kuanzia siku joto litakapotulia. Wiki nane ulizopita kwenye baridi usizihesabu.

Mtambazi wa Ufilipino ni hadithi nyingine, na hapa nadhani umepigwa changa la macho. Jina lake la kisayansi ni Strongylodon macrobotrys. Porini hupanda juu ya miti mikubwa ya misitu yenye unyevu, ukiteremsha vishada vinavyoweza kufikia mita tatu, rangi ambayo ukiiona mara ya kwanza unadhani mtu ameipaka. Huchavushwa na popo wanaoning'inia kwenye kishada wakinywa maji yake matamu. Nje ya kwao popo hao hawapo, kwa hiyo mmea unachanua na kupukutika bila tunda. Hata kwenye bustani ya mimea ya Kew huko London ilibidi watu wachavushe kwa mkono ndipo wapate mbegu. Na mbegu zenyewe ni kubwa, nono, mara kadhaa ya punje ya harage, zisizovumilia kukauka. Ziko kwenye kundi lile lile la embe, parachichi na kakao: zinataka kusiwa zingali na unyevu wake, siku chache baada ya kuiva.

Sasa jiulize ulichopokea. Kama zilikuwa punje ndogo kavu zinazocheza kwenye bahasha, ama si zenyewe, ama zilikuwa zenyewe zikafa njiani. Kwa vyovyote maji ya moto hayakuwa na cha kuua. Picha zinazouzia mbegu hizi nyingi zimetiwa rangi, na utakuta duka hilo hilo lina waridi la buluu na okidi yenye uso wa nyani. Ukiupenda kweli mmea huu, tafuta mche uliotokana na kipandikizi au tawi lililootesha mizizi likiwa bado kwa mama, toka kwa mtu ambaye mmea wake umeuona. Pia uwe na nafasi: mtambazi huu haujui chungu.

Nirudi kwenye zile Clitoria saba zilizokatwa shingo. Ugonjwa huo unaitwa kinyausi. Tazama shina pale linapotokea kwenye udongo. Utakuta limenyong'onyea kama uzi uliolowa, la kahawia, na juu yake majani bado ni mabichi. Wanaousababisha ni vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, wanaoishi udongoni na kushamiri panapokuwa na maji mengi, hewa isiyotembea na ubaridi. Yaani nailoni yako, dirisha lako na usiku wako wa nyuzi 16. Nailoni inafaa mpaka mche wa kwanza uchomoze. Siku hiyo hiyo iondoe, au angalau itoboe sana. Mche uliokwisha kuanguka hauponi, ung'oe pamoja na udongo wake. Wale wanne waliobaki wahamishie leo kwenye vyungu vipya vyenye udongo mwepesi, nusu mchanga mkavu wa mto, nusu mboji iliyoiva vizuri. Wanyweshe kwa kuketisha chungu kwenye sahani ya maji kwa dakika 20, kisha uondoe sahani. Usinyweshe tena mpaka uso wa udongo upauke.

Ipomoea zako tatu usizihamishe ukivuruga mizizi, haipendi kabisa. Kata trei kuzunguka bonge la udongo ulihamishe zima, na uzipe kamba au fito mapema, kwani zikikosa cha kushika hujisokota zenyewe kwa zenyewe.

Kuhusu lini utaona maua. Clitoria ikipata jua la kutosha huchanua ndani ya miezi miwili au mitatu tangu kusiwa. Ipomoea alba inakaribia hapo, ingawa mara nyingine hukaa ikijaza majani tu mpaka siku zianze kuwa fupi. Maua yake hufunguka jioni, nondo wakayafuata, na asubuhi yamekwisha. Passiflora caerulea kutoka mbegu huhitaji mwaka mmoja hadi mitatu. Halafu wisteria.

Wisteria iliyotoka kwenye mbegu inaweza kuchukua miaka 10 hadi 15 kabla ya kutoa ua la kwanza, na wengine husubiri zaidi. Mbolea haitaiharakisha. Mmea wa mbegu una utoto wake, kipindi ambacho hata ukiupa kila kitu haujui kutengeneza maua, na utoto wa wisteria ni mrefu. Ndiyo sababu bustani karibu zote huuza wisteria za kupandikizwa: kikonyo kinachukuliwa kwenye mmea uliokwisha kukomaa, nao huchanua baada ya miaka michache kwa sababu utoto ulishapita kwa mama. Isitoshe, mbegu haikupi nakala ya mzazi. Ile uliyoiona pichani yenye vishada vizito, mtoto wake anaweza kutoa vishada vyembamba, vya rangi iliyofifia. Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu wangu wa karibu, ningekwambia Clitoria na Ipomoea sia kila mwaka, Passiflora sia kwa ajili ya raha ya mshangao, lakini wisteria nunua mche uliopandikizwa. Kama mbegu moja itaota, ilee kwa udadisi huku ile ya kununua ikikupa maua.

Kuna jambo hukuuliza ila siwezi kuliacha. Mbegu za wisteria, pamoja na maganda yake, ni sumu. Chache tu humtapisha mtu na kumuumiza tumbo vibaya, na kwa mtoto zinafanana mno na kitu cha kuchezea mdomoni. Za Ipomoea nazo si za kula. Weka pakiti mbali, nawa mikono. Mtoto, mtu mzima au mnyama akimeza, usingoje dalili wala usimlazimishe kutapika: mpeleke hospitali, au mnyama kwa daktari wa mifugo, ukiwa na pakiti mkononi ili wajue wanashughulika na nini.

Lingine ni mbegu zinazovuka mipaka. Nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu zitokazo nje, na zina orodha ya mimea isiyoruhusiwa. Mwaka 2020 watu wengi Marekani walipokea kwa posta vifurushi vya mbegu ambazo hawakuziagiza, na mamlaka za kilimo zikawaambia wasizipande wala kuzitupa jalalani, wazikabidhi. Woga huo una msingi. Hawaii ina Passiflora tarminiana, ua zuri la waridi lenye tunda refu, lililoletwa kwa ajili ya urembo. Likapanda msituni, likafunika miti ya asili mpaka mingine ikaanguka kwa uzito. Kabla hujaruhusu mtambazi wowote upande ukuta au mti, uliza idara ya kilimo au bustani ya mimea iliyo karibu nawe kama umeorodheshwa kuwa vamizi. Na ukiona kwenye miche hii wadudu usiowajua, au majani yenye mabaka ya mosaiki ya njano na kijani, usinitumie picha tu. Funga mmea wote kwenye mfuko na umpelekee afisa wa kilimo auone kwa macho yake, maana virusi vya Passiflora huenezwa na vidukari na pia kwa mkasi uliokata mmea mgonjwa, na kwa picha siwezi kuvitofautisha na upungufu wa chakula.

Kwa leo basi: ondoa nailoni, okoa wale wanne, pasua Passiflora moja uone rangi yake. Kisha andika tarehe kwenye trei kwa penseli, si kalamu ya wino, wino hufifia juani. Ukiniandikia tena, nitajie kipimajoto kilisoma nyuzi ngapi ndani ya udongo alfajiri, kabla jua halijafika dirishani.